Mwenye Chombo na Nahodha

Katika kijiji cha Mwamgongo, kilichoketi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini ya hifadhi ya Gombe, na ambacho msafiri hukifikia kwa boti kutoka mwalo wa Kibirizi huku milima ikimsindikiza mkono wa kulia safari nzima, kalenda ya mpira haikupangwa na chama wala serikali, bali imepangwa na mwezi. Dagaa hufuata nuru ya taa katika usiku wa giza. Mwezi unapopevuka, karabai hushindwa na mwanga wa mbinguni, dagaa hutawanyika, nao wavuvi hupandisha mitumbwi mchangani, huanika nyavu na kuziba matundu yake, na alasiri ikiisha kupoa, jua likielekea milima ya Kongo, hucheza mpira chombo kwa chombo mpaka giza litakapowaamuru waache.

Nimeketi mara nyingi juu ya mtumbwi uliofudikizwa nikiitazama michezo hiyo, na kilichonishughulisha zaidi si mabao, bali ni mtu mmoja asimamaye kando, suruali kaikunja hadi magotini, filimbi hana, daftari hana, ambaye huyataja majina ya watakaoingia uwanjani na hapana amkaidiye. Huyo huitwa mwalimu. Kocha ni neno la redioni, hutumiwa na vijana. Na meneja kwetu sisi ni mtu mwingine kabisa, yule atunzaye jezi, agawaye nauli na kuwatafutia wachezaji mahali pa kulala. Waingereza, kinyume chetu, kazi hizi zote na nyingine zaidi walizifunga katika jina moja la meneja, wakamkabidhi mtu mmoja. Lakini walichukua muda mrefu sana kumkabidhi ile iliyo roho ya kazi yenyewe, yaani haki ya kuchagua nani acheze na nani akae.

Jioni moja tajiri mwenye wavu alimjia mwalimu huyo, akamwomba kwa upole kwamba shemeji yake aliyefika kutoka Ujiji apewe nafasi mbele. Mwalimu hakugeuza hata shingo.

"Tajiri," akasema, "wavu ni wako, na chombo ni chako. Usiku kule ziwani, nani huamua utupwe wapi?"

"Nahodha."

"Haya basi."

Tajiri akacheka, akaenda kukaa kivulini, na shemeji akautazama mchezo pamoja nasi.

Nizaa hii, ya mwenye mali na mwenye ujuzi, ndiyo tarikhi yote ya ukocha. Katika Uingereza ya karne ya 19 klabu ziliongozwa na wakurugenzi, watu wa mali na biashara, na meneja alikuwa aghalabu katibu wa kuandika barua na kukata tikiti za treni. Herbert Chapman, aliyeiongoza Huddersfield na kisha Arsenal tangu 1925 hadi alipofariki Januari 1934, ndiye hasa aliyeifanya kazi hiyo iwe na heshima ya peke yake. Hata hivyo timu ya taifa ya Uingereza haikuwa na meneja kabisa hadi mwaka 1946, alipoteuliwa Walter Winterbottom, mtu msomi aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Na huyo naye alifundisha miaka 16 wachezaji waliochaguliwa na kamati ya mabwana wa chama, kila bwana akiwa na kijana wa klabu yake wa kumtetea. Msomaji aliyepata kukaa karibu na klabu zetu kubwa za Dar es Salaam hatahitaji maelezo zaidi.

Aliyeikata kamba hiyo alikuwa Alf Ramsey. Alizaliwa Dagenham mwaka 1920 katika nyumba ya watu wa hali ya chini, akacheza beki wa kulia katika Southampton na Tottenham, akavaa jezi ya taifa mara 32. Na kwa bahati ya kudra alikuwamo katika fedheha mbili kubwa za soka la kwao, ile ya 1950 walipofungwa 1-0 na Marekani kule Brazili, na ile ya Novemba 1953 walipofungwa 6-3 na Hungaria katika uwanja wao wa Wembley. Mechi hiyo ya pili ilikuwa yake ya mwisho ya kimataifa. Mwaka 1955 alipewa Ipswich, timu ya daraja la tatu, mji usio na jina katika mpira. Akaipandisha mara mbili, na mwaka 1962 ikatwaa ubingwa wa daraja la kwanza katika msimu wake wa kwanza humo, kwa wachezaji ambao hakuna tajiri aliyewataka. Chama kilipomwita aichukue timu ya taifa, sharti lake lilikuwa moja, kwamba timu ataichagua yeye peke yake. Wakamkubalia, pengine bila ya kutambua walichokitoa mkononi.

Tabia yake haikuwa ya kupendeza watu wa magazeti. Alikuwa mkimya, mwenye hadhari, asemaye Kiingereza cha kujitengenezea, kama mtu aliyelivaa koti la wengine na anaogopa kulichafua. Waandishi aliwaona kuwa wasumbufu, na wakubwa wa chama aliwaona kuwa wageni katika basi la timu. Lakini wachezaji wake walimpenda mapenzi ya ajabu, na sababu yake ilidhihirika katika Kombe la Dunia la 1966. Nobby Stiles, kiungo mfupi, mkali, asiye na meno ya mbele, alimwumiza Mfaransa mmoja kwa rafu mbaya, na wakubwa wakamtaka Ramsey amwache mechi inayofuata. Akawajibu kwamba Stiles akiondolewa, na watafute na meneja mwingine. Stiles akacheza. Katika mechi hiyohiyo ya Ufaransa Jimmy Greaves, mfungaji aliyependwa kuliko wote nchini, alijeruhiwa mguu, na katika mechi iliyofuata akaingia badala yake Geoff Hurst. Na Greaves alipopona kabla ya fainali, taifa zima likisubiri arudishwe, Ramsey akamwacha nje. Tarehe 30 Julai 1966 Hurst aliwafunga Wajerumani wa Magharibi mabao matatu, Uingereza ikashinda 4-2. Inasimuliwa kwamba baada ya dakika 90, matokeo yakiwa 2-2, aliwakataza vijana wake kulala chini ili adui asiuone uchovu wao; na kipenga cha mwisho kilipolia, watu wote wakiruka, yeye alibaki ameketi kwenye benchi kama mtu angojaye boti iliyochelewa. Nimepiga hesabu ya mwezi wa siku ile: ulikuwa umebakiwa na siku mbili hivi kupevuka. Kwa hiyo wavuvi wa Mwamgongo nao walikuwa nchi kavu, na mwenye redio miongoni mwao hakuwa na udhuru.

Huku kwetu mpira wa nchi kwa nchi ulianza kwa Kombe la Gossage, lililogombewa na Kenya na Uganda tangu 1926 kwa ufadhili wa kampuni ya sabuni, na Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Waingereza walituachia sheria za mchezo, na pamoja nazo wakatuachia kamati, ilhali wao wenyewe walikuwa karibu kuitupa. Klabu zetu zikaiongezea wazee, wafadhili na, nisifiche, waganga. Na mwalimu akabaki mtu wa kulaumiwa.

Mfano ulio karibu nasi, kwa maana ya ziwa hili, ni ule wa Yanga. Agosti 1974, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2-1 katika mechi iliyoamua ubingwa, na bao la ushindi katika dakika za nyongeza lilikuwa la Sunday Manara, wa ukoo ambao asili yake ni Kigoma. Haukupita muda, klabu ikiwa chini ya Tambwe Leya, mwalimu aliyetoka Zaire, ng'ambo ya maji haya haya, ukazuka mgogoro uliowahusisha viongozi, mwalimu na wachezaji wakongwe, hata mwaka 1976 waliojitenga wakaunda Pan African, na ndugu wa ukoo wa Manara wakawa miongoni mwao. Sunday alikwenda baadaye kucheza Heracles ya Uholanzi. Nani alikuwa na haki, wazee wa mtaa wa Jangwani wanabishana hadi leo. Mimi naona tu kwamba manahodha walikuwa wengi, na chombo kilikwenda mrama.

Baadaye Waingereza wenyewe walikuja kuyaonja. Jack Johnson aliiongoza Gor Mahia ya Nairobi kutwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunis, 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani. Stewart Hall alifika Zanzibar mwaka 2010 kuifundisha timu ya Visiwani, akavuka mwaka huohuo kwenda Azam, klabu ya jamaa wa Bakhresa, ambayo ilikuwa ligi kuu tangu 2008 tu. Na kwa muda wa miaka sita aliajiriwa nayo mara tatu, akaondoka mara tatu. Alipotoka mwishoni mwa 2013 msimu ukiwa katikati, Joseph Omog wa Kameruni aliipokea timu na kuifikisha kwenye ubingwa bila ya kufungwa hata mechi moja. Hall akarudi, na mwaka 2015 Azam ikatwaa Kombe la Kagame pasipo wavu wake kuguswa hata mara moja, ikiifunga Gor Mahia 2-0 katika fainali. Mtu aitwaye mara tatu na tajiri yuleyule, kwa hukumu yangu, si mtu dhaifu, na tajiri huyo si mjinga. Lakini muda wa kupanda na muda wa kuvuna haukumwangukia pamoja ila mara moja.

Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku wa kuamkia tarehe 24, hivyo maboti ya Mwamgongo yalishuka Kibirizi yamejaa watu waliokuwa na ruhusa ya maumbile. Niliketi karibu na mwalimu wetu. Simba ilishinda kwa bao moja la Taddeo Lwanga, lakini mwalimu hakuutazama mpira kama sisi. Aliyakodolea macho mabenchi, alipokaa Didier Gomes, Mfaransa, na Nasreddine Nabi, Mtunisia, akihesabu ni nani anawainamia na kuwanong'oneza masikioni. Tulipokuwa tukirudi alisema neno moja tu, kwamba benchi lina watu wengi mno.

Ramsey naye yalimfika. Mwaka 1970 kule Mexico, Uingereza ikiongoza 2-1, alimtoa Bobby Charlton ili ampumzishe kwa mechi ya mbele. Wajerumani wakashinda 3-2 na mechi ya mbele haikuwapo. Oktoba 1973 Poland iliwalazimisha sare ya 1-1 Wembley, akachelewa kuingiza mshambuliaji mwingine hadi dakika za mwisho kabisa, na tikiti ya Kombe la Dunia ikapotea. Waliomwachia mamlaka ya kuchagua ndio waliomwondoa mwaka 1974, naye akaishi Ipswich kimya hadi alipofariki 1999.

Mwalimu wa Mwamgongo hajapata kufukuzwa. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, hukunjua suruali yake, hujaza mafuta kwenye karabai, akaingia mtumbwini pamoja na wenzake. Na huko ziwani yeye ni mshika taa tu, hukaa pale atakapoambiwa na nahodha.