Injinia anakuwaje docta? Historia ya mlango mwembamba wa Lubumbashi

Katika Lukafu, mtu akisikia neno docta anafikiria kwanza hospitali, sindano na dawa. Lakini yuko docta mwingine asiyegusa mgonjwa. Huyu ni injinia aliyesoma hadi ngazi ya mwisho, akaandika tasnifu juu ya mawe ya shaba, maji ya mgodi au umeme, kisha akaitetea mbele ya maprofesa. Haut-Katanga inaishi kwa madini, na watu hao ndio wanaofundisha vijana watakaosimamia migodi kesho. Tangu mwanzo wamekuwa wachache, na ugumu wa maswali ya mtihani si sababu kubwa.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka hamsini ilichimba, ikayeyusha na kusafirisha shaba bila chuo kikuu chochote katika mji huu. Mainjinia walitoka Ubelgiji, na Mkongomani alifundishwa kazi ya mkono au ya ofisi. Chuo kikuu cha serikali ya kikoloni kilifungua milango Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1956. Miaka minne tu baadaye uhuru ukaja. Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu katika nchi nzima, kubwa hivi, hawakufika 30. Kwa hiyo wa kumtahini injinia wa Kikongomani alikuwa mgeni, hapa nyumbani au kwao Ulaya.

Mlango wenyewe ukoje? Katika mtindo wa zamani, kijana alisoma miaka mitano kupata cheo cha ingénieur civil. Ili aendelee, kupita tu kwa kawaida hakukutosha. Alitakiwa kuwa na alama nzuri, zile zinazoitwa distinction. Hapo ndipo aliingia katika masomo ya ngazi ya tatu, yaliyoitwa DES na baadaye DEA. Alifuata masomo mapya, akafanya mitihani yake, akaandika memwari na kuitetea. Huo ndio ulikuwa mtihani wa kumpa haki ya kuanza tasnifu. Marekani nako mwanafunzi wa udocta hupimwa kwanza kwa maandishi au kwa mdomo, na mara nyingi akishindwa hupewa nafasi ya pili. Ubelgiji wana mtihani wao wa kuthibitisha kwamba utafiti unaweza kuendelea. Jina linabadilika, swali linabaki moja: huyu anaweza kufanya utafiti peke yake?

Baada ya hapo mwanafunzi hupewa kamati ya kumwongoza. Mwisho wa safari hujitetea mara mbili, kwanza faraghani mbele ya juri, halafu hadharani, siku ambayo familia huvaa vitenge vya sare na kushangilia. Watu wengi wanaijua hiyo siku ya pili peke yake. Ile ya kwanza, yenye mlango uliofungwa, ndiyo inayomtoa mtu jasho.

Sasa, juri si watu wa kuokota njiani. Wanatakiwa maprofesa wanaojua somo lile lile, na baadhi yao watoke chuo kingine. Wakikosekana, mwanafunzi husubiri hata kama kazi yake imekamilika. Historia ya Lubumbashi kwa sehemu kubwa ni historia ya kungoja huko.

Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kikapata jina lake la leo. Asistenti wengi walikwenda Ubelgiji kumalizia udocta, na maprofesa wa kule walikuja kufundisha hapa. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa wengine.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, serikali ya Mobutu ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukakatika. Walimu wa Kibelgiji wakaondoka. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba, ikaanza kushuka kwa kasi, na maabara zake ndizo zilizokuwa zikiwapa mainjinia mahali pa kupimia kazi zao.

Halafu ikaja 1992 na 1993. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye vituo vya treni zikisubiri behewa. Kati yao walikuwamo mafundi, walimu na mainjinia wa Gécamines. Jimbo lilijinyima lenyewe watu ambao lilikuwa limewasomesha kwa miaka thelathini. Wazee waliokuwa Likasi wakati ule hawahitaji kuelezwa.

Vyuo vya Ubelgiji vilirudi polepole baadaye, na UNILU imeendelea kutoa madocta wake. Asistenti anapanda kuwa chef de travaux, na akishapata udocta anaweza kuwa profesa. Lakini miaka inayopita kati ya hatua hizo ni mingi. Wengine wanafundisha asubuhi, wanafanya kazi kwenye kampuni ya madini mchana, na tasnifu inaandikwa usiku umeme ukiwapo.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mtindo mpya, LMD, ulioanza kutumika kwa upana kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Sasa ni licence miaka mitatu, master miwili, kisha udocta. DEA inaachia master nafasi yake. Hilo linafupisha njia kwenye karatasi. Juri bado inahitaji maprofesa wale wale.

Kwa familia zilizokimbia Mitwaba au Pweto, mlango unaanzia chini zaidi. Faili la mtu anayetaka kuwa injinia huanza na diploma ya serikali, ile ya Examen d'État iliyoanzishwa mwaka 1967, na diploma hiyo mara nyingi imebaki katika nyumba iliyoungua. Anayetaka kuitafuta upya anahitaji kukumbuka mambo matatu: shule, kitengo cha masomo na mwaka. Majina ya waliofaulu hutangazwa kila mwaka kwenye palmarès, shule kwa shule. Mama mmoja anaweza kuwa amepoteza kila kitu, lakini akikumbuka mwaka ambao mwanawe alifaulu, kuna mahali pa kuanza kuuliza.