Usiuze gitaa kwa kosa la pikapu

MWEZI wa Januari haumhurumii mtu. Karo, kodi ya nyumba na madeni ya sherehe za Desemba humwandama mwanamuziki sawa na anavyoandamwa mwalimu au mkulima, ila yeye ana kitu ukutani kinachoweza kugeuzwa pesa kabla ya jua kutua: gitaa lake.

Mwenye gitaa moja hana la kuamua. Akiliuza ameuza jembe. Aliye na matatu au manne ya umeme, ambayo ameyakusanya kwa miaka mingi kwa kununua hapa na kubadilishana pale, ndiye anayekabiliwa na swali gumu la lipi liende na lipi libaki. Aghalabu huuza lile ambalo sauti yake haimpendezi. Na aghalabu hukosea.

Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kuuza gitaa jekundu lililokuwa na shingo nyororo kwa sababu sauti yake ilikuwa kama ya redio iliyofunikwa blanketi. Aliyelinunua alibadilisha pikapu moja na kinobu kimoja, na nilipolisikia tena katika harusi miezi michache baadaye, sikuamini kuwa ni lile lile. Nililobaki nalo lilikuwa na sauti tamu na shingo iliyopinda kama upinde. Mwaka haukwisha kabla halijanishinda.

Pikapu inayozungumziwa hapa si lile gari la kubebea viazi kutoka Kinangop. Ni kile kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi, ambacho pasipo hicho gitaa la umeme huwa ni ubao wenye nyaya. Ndani yake mna sumaku, na kuzunguka sumaku hiyo umevingirishwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara maelfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, huvuruga uga wa sumaku na kuzalisha mkondo hafifu wa umeme katika waya. Mkondo huo ndio unaopelekwa kwa amplifaya.

Maana yake ni kwamba pikapu haisikii sauti jinsi maikrofoni inavyosikia. Inasikia mtikisiko wa chuma. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazitoi lolote zikitiwa kwenye gitaa la aina hii.

Wazo hilo lilifanikishwa na Mmarekani George Beauchamp mwaka wa 1931, na gitaa lake, lililofanana na kikaango, likaanza kuuzwa mwaka uliofuata na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker. Tangu wakati huo mengi yamebadilika katika umbo na rangi za magitaa, lakini kanuni ya sumaku na waya haijabadilika. Kifaa hiki hushikiliwa kwa skrubu chache na kuunganishwa kwa nyaya mbili tatu za kulehemu. Fundi anayejua kazi yake hukibadilisha kwa jioni moja. Shingo mbovu haina dawa ya jioni moja.

Kwa hivyo, anayetaka kuamua gitaa lipi abaki nalo na aanze kwa kuchomoa waya wa amplifaya. Alipige likiwa kavu, katika chumba kimya. Gitaa jema husikika hata hapo: noti hudumu, kiwiliwili hutetema kifuani, na hakuna sehemu shingoni ambapo noti hufa ghafla kama mshumaa uliopulizwa.

Kisha achunguze shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na kiwiliwili kwa mkono wa pili, halafu utazame katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Panafaa kuwa na mwanya mdogo mno, wa kupitisha karatasi ngumu. Mwanya ukiwa mkubwa, au uzi ukilala kabisa, si hoja ya kukata tamaa, kwa kuwa ndani ya shingo za magitaa mengi mna ufito wa chuma ambao hukazwa au kulegezwa ili kuinyoosha. La kutisha ni ufito uliokazwa hadi mwisho wake ilhali shingo bado imepinda, au shingo iliyojisokota upande mmoja juu, mwingine chini. Hilo liuze, tena umweleze mnunuzi kasoro yake.

Freti nazo huliwa na nyuzi. Mashimo madogo husuguliwa yakaisha, lakini zikishakuwa bapa hazina budi kung'olewa na kutiwa mpya, kazi ambayo wachache wanaiweza na ambayo haina bei ya kirafiki. Wakazi wa Pwani watazame pia kutu kwenye skrubu na kidaraja cha nyuzi, maana hewa ya chumvi haina adabu.

Mwisho, uzani. Gitaa la kilo nne na nusu laweza kuwa na sauti ya kupendeza dukani, lakini harusi ya kutoka saa nane mchana hadi usiku wa manane si duka.

Baada ya hayo lipo swali la matumizi. Magitaa mawili yanayofanya kazi moja ni gitaa moja na akiba iliyolala. Anayepiga solo ya benga anahitaji sauti angavu, yenye noti zinazotengana waziwazi. Mtindo huo uliokua Nyanza, na ambao D.O. Misiani na Shirati Jazz waliueneza hadi kifo chake katika ajali ya barabarani mwaka wa 2006, ulirithi mengi kutoka kwa upigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo noti zake hufuatana kwa kasi bila kugandamana. Gitaa linalozifanya noti hizo kuwa uji halifai hapo, hata likiwa la jina kubwa. Hata hivyo, lile lile laweza kumfaa anayepiga roki katika vilabu vya Nairobi, anayetaka sauti nzito ya kukwaruza.

Tuseme basi umepata gitaa lenye shingo njema na sauti mbaya. Usikimbilie kununua pikapu. Badilisha nyuzi kwanza. Nyuzi chakavu zimefanya pikapu nyingi zisingiziwe. Kisha cheza na kimo chake. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu: milimita mbili upande wa nyuzi nyembamba na mbili na nusu upande wa nyuzi nene ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu iliyo mbali hunong'ona. Iliyo karibu mno, hasa yenye sumaku zilizochomoza, huvuta uzi wenyewe kwa nguvu za sumaku, na gitaa likaonekana kama lisilokubali kutyuniwa. Wapo waliotupa magitaa kwa sababu ya robo mzunguko wa bisibisi.

Ikiwa sauti bado haikuridhishi, ndipo sasa uchague. Zipo familia mbili kuu.

Ya kwanza ni pikapu ya koili moja, kama zile za Telecaster na Stratocaster, magitaa ya Fender ya miaka ya 1950. Sauti yake ni angavu, yenye makali, na ndiyo inayoifaa benga na rumba. Kasoro yake ni mvumo. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na koili moja huunasa mvumo huo kutoka kwa taa, transfoma na nyaya za ukutani na kuupeleka kwenye spika pamoja na muziki. Katika ukumbi wenye nyaya zilizofungwa ovyo, mvumo huo waweza kuudhi kuliko mpigaji asiyejua ufunguo. P-90 ya Gibson, iliyotoka mwaka wa 1946, nayo ni ya koili moja, ila ni pana na sauti yake ina kifua zaidi.

Ya pili ni hambaka, yenye koili mbili zilizolazwa bega kwa bega. Mhandisi Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka wa 1955 kwa hila ambayo hadi leo hunifurahisha. Sumaku ya koili moja huelekea kinyume na ya mwenzake, na waya wake pia huunganishwa kinyume. Mvumo wa umeme, ambao haujali sumaku, huingia katika koili zote mbili kwa ishara zinazopingana, hivyo hujifuta. Mtikisiko wa nyuzi, ambao hutegemea sumaku, hugeuzwa mara mbili na kurudi ulivyokuwa, hivyo hujumlishwa. Matokeo ni sauti nene, yenye nguvu na isiyo na mvumo, ingawa makali ya juu hupungua kidogo.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa pikapu, unaopimwa kwa kilo-omu, kana kwamba ni nguvu za farasi. Pikapu ya Stratocaster huwa na takriban 6, hambaka ya kale 7 hadi 8 na nusu, nayo ile ya kukwaruza, mathalani Super Distortion ambayo DiMarzio walianza kuitengeneza mwaka wa 1972, hupita 13. Tarakimu hizi husaidia tu unapolinganisha pikapu za aina moja. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata kama mizunguko haijaongezeka. La kukumbuka ni kwamba mizunguko mingi huleta nguvu na kupunguza uangavu. Anayetafuta sauti ya nyatiti asishawishiwe na tarakimu kubwa.

Sumaku nazo zina tabia zao. Alniko, mchanganyiko wenye aluminiamu, nikeli na kobalti, ndiyo ya kale. Ile ya namba 2 ni pole, ya namba 5 ina msukumo na uangavu zaidi. Sumaku ya seramiki ni kali, na wengi huipendelea kwa muziki wa kelele.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi husahau, nalo ni vinobu vya sauti. Pikapu za koili moja kwa desturi huunganishwa na kinobu cha kilo-omu 250, na hambaka cha 500. Ukitia hambaka mahali pa koili moja na kuacha kinobu cha 250, sauti itafunikwa tena blanketi na utailaumu pikapu isiyo na hatia. Lile gitaa langu jekundu lilikuwa na ugonjwa huo huo.

Pima pia kabla ya kulipa. Nyuzi za Gibson kwenye kidaraja huenea kama milimita 50, za Fender kama 53, na watengenezaji hutoa hambaka za vipimo vyote viwili. Angalia upana na kina cha tundu ubaoni, maana kutoboa zaidi ni kuharibu. Wasiotaka kutoboa wanaweza kupata hambaka nyembamba zenye umbo la koili moja. Zile zinazotumia betri ya volti 9 huhitaji mahali pa kuiweka, na vinobu vya aina yake. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji. Fundi apewe karatasi ya maelezo, asibahatishe.

Pikapu za zamani usizitupe. Zifunge katika bahasha, uandike ni za gitaa gani na zilikaa upande upi. Hambaka za Gibson za kuanzia 1957, zilizobandikwa kijikaratasi cha kuonyesha kuwa hataza ilikuwa imeombwa, leo hutafutwa kwa udi na uvumba. Lako huenda si la ukoo huo, lakini siku likiuzwa unaweza kurudisha za kwanza mahali pake, ukamkabidhi mnunuzi gitaa kama lilivyotoka kiwandani, na zile nzuri ukazihamishia kwenye gitaa ulilobaki nalo.