Utaijuaje hospisi nzuri ya mgonjwa wako?

Ukitafuta hospisi ya kumtunza mgonjwa wa saratani asiyetarajiwa kupona, mimi ningeanza na mofini. Uliza kama wanayo ile ya maji, na ikiisha wanafanyaje. Huinywa kila baada ya saa 4, si kungoja maumivu yarudi. Mofini hufunga choo, kwa hivyo muuguzi anayeijua kazi yake atakupa dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Asipoitaja, mimi hushtuka. Usibabaishwe na jengo. Kisha uliza nani atapokea simu saa 8 usiku, na kama wanafika nyumbani, hata Likoni ng'ambo ya feri. Gharama nazo wakuandikie: ziara, dawa, mafuta ya gari.