Ujira wa Mithili: Kutoka kwa Mshonaji wa Minhaj hadi Fundi wa Kompyuta

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Kijana amemaliza chuo, ana cheti cha kompyuta, na ofisi imemwita aanze kazi Jumatatu. Kazi yenyewe ni kuwahudumia wafanyakazi wenzake: kompyuta ikigoma kuwaka aitazame, printa ikikataa kuchapa aitengeneze, virusi vikiingia avitoe, mtandao ukikatika aufuate waya mpaka aone penye hitilafu. Akiulizwa anataka kulipwa kiasi gani, huinamisha kichwa na kusema: "Mtakachonipa." Jibu hili huonekana ni la adabu. Katika makala hii tutaonesha, inshaallah, kwamba kwa mizani ya fiqhi ni jibu lenye madhara, na kwamba wanavyuoni walikwishalizungumza suala hili karne nyingi kabla kompyuta haijajulikana.

Muda, kazi na ziada

Tuanze na kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mtu wa hali hiyo angekubali lolote. Hata hivyo, mzee aliyemwajiri hakuutumia udhaifu wake. Alimtajia ujira, nao ulikuwa kumwoza mmoja wa binti zake. Akamtajia muda, miaka minane. Akaongeza kwamba akitimiza kumi, hiyo miwili ni hisani yake Musa mwenyewe, na kwamba yeye hataki kumtaabisha.

Wanavyuoni wameutegemea sana mkataba huu katika mlango wa ijara. Tuzingatie jambo moja ndani yake: ziada ilitajwa mapema kuwa ni ziada. Haikufichwa ndani ya neno "kazi", wala Musa hakuambiwa mwisho wa mwaka wa nane kwamba kazi bado ipo.

Katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumwajiri mtu mpaka abainishiwe ujira wake. Wanavyuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, lakini sharti la ujira kujulikana limethibiti katika vitabu vya madhehebu.

Mshahara wa Khalifa wa kwanza

Mfano mkubwa wa kupanga mshahara wa kazi isiyokuwa na mfano unapatikana mwaka wa 11 Hijria (632). Abubakar (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Wapokezi wa historia, akiwemo Ibn Saad, wanasimulia kwamba baada ya kubaiwa alionekana asubuhi akielekea sokoni na nguo zake begani. Umar na Abu Ubayda (r.a.) wakamuuliza vipi atafanya biashara naye amebeba mambo ya Waislamu. Naye akauliza, basi watu wa nyumbani kwake atawalisha nini?

Hapakuwa na khalifa kabla yake ambaye mshahara wake ungetazamwa. Masahaba walifanya nini? Walimtazama mtu wa kati miongoni mwa Muhajirina, si aliye juu kabisa wala aliye chini kabisa, wakampimia chakula cha mtu kama huyo pamoja na nguo za kusi na za kaskazi. Hawakumuuliza anahitaji kiasi gani ili wampunguzie, wala hawakumwacha aseme "mtakachonipa".

Hii ndiyo roho ya kile ambacho mafakihi walikuja kukiita ujratul mithli, yaani ujira wa mithili. Msomaji anaijua mahari ya mithili: mwanamke ambaye mahari yake haikutajwa hutazamiwa dada zake na shangazi zake, akapewa kama wao. Mfanyakazi naye hutazamiwa wenziwe wa kazi ile ile, katika mji ule ule na zama zile zile.

Mshonaji wa Imamu Nawawi

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliandika Minhaj at-Talibin, kitabu kilichosomeshwa kizazi baada ya kizazi katika darsa za Pwani na kutegemewa na makadhi wetu wa madhehebu ya Shafi. Katika mlango wa ijara yamo masuala matatu ambayo fundi wa kompyuta anapaswa kuyajua.

La kwanza. Mtu amempa mshonaji nguo amshonee, naye akashona, na ujira haukutajwa. Je, anastahiki kitu? Kauli yenye nguvu katika kitabu ni kwamba hana ujira. Kauli nyingine inasema anao. Ya tatu inasema kwamba akijulikana kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kujipatia riziki, atapata. La sivyo, hapati. Imamu ametaja kwamba hii ya tatu huenda ikaonekana nzuri.

Sasa mweke fundi wetu mahali pa mshonaji. Jirani amemletea kompyuta "aitazame tu", au ofisi imemwambia ajitolee kwanza miezi michache waone uwezo wake. Akinyamaza, kauli yenye nguvu ya madhehebu yake mwenyewe inamwacha mikono mitupu, kwa sababu kazi iliyofanywa bila kutajiwa ujira huhesabiwa kuwa hisani. Basi anayetaka kujitolea na ajitolee, hisani ina malipo yake kwa Mola. Lakini aseme ni mpaka lini, kama miaka miwili ya Musa ilivyosemwa.

La pili. Manufaa ya kazi hupimwa kwa muda au kwa kazi yenyewe. Je, vinaweza kuunganishwa, kama kumwajiri mtu aishone nguo hii na aimalize leo hii? Kauli sahihi zaidi ni kwamba mkataba huo hausihi, kwa kuwa una gharar: kazi yaweza kuisha kabla ya siku, na siku yaweza kuisha kabla ya kazi. Mikataba mingi ya mafundi wa kompyuta inaugua maradhi haya. Kijana huambiwa analipwa kwa mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha huambiwa asiondoke mpaka kompyuta zote ziwe zima. Hapo ameuza muda na kazi pamoja kwa bei moja.

La tatu. Haisihi kumwajiri mtu achune mnyama kwa ujira wa ngozi ile ile, wala asage nafaka kwa sehemu ya unga utakaotoka. Ujira usiojulikana ukoje wala utakuwa kiasi gani si ujira. Mwenye kuambiwa "ukifanikiwa kuzifufua hizi kompyuta mbovu, utachukua mojawapo" na akumbuke ngozi hiyo.

Ipo kazi ambayo kiasi chake hakijulikani kabla, kama kurejesha mafaili yaliyopotea. Hapa fiqhi ina mlango wa jiala, ambapo malipo hutajwa kwa kupatikana tokeo. Bukhari amepokea kisa cha masahaba waliomsomea mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu. Walipatana kwanza kundi la kondoo, wakamsomea al-Fatiha, akapona, na Mtume (s.a.w.) akayaridhia malipo yao. Kisomo kilikuwa kifupi, na hakuna aliyewapunguzia kondoo kwa sababu ya ufupi wake. Basi fundi anayeondoa hitilafu kwa dakika kumi baada ya kusoma miaka mitatu asidharauliwe.

Nani anayepima?

Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), alieleza katika risala yake ya hisba kwamba watu wanapoihitaji kazi ya wakulima, wafumaji au wajenzi, mtawala anaweza kuwalazimisha waifanye kwa ujira wa mithili. Mfanyakazi hataruhusiwa kudai zaidi, wala watu hawataruhusiwa kumdhulumu kwa kumpa pungufu. Mizani ina sahani mbili.

Baadaye dola ya Uthmaniya ilitunga Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, kwa kufuata madhehebu ya Hanafi. Majalla haikuwa sheria ya Pwani yetu, lakini kifungu chake cha 414 kinafafanua vizuri: ujira wa mithili ni ule unaokadiriwa na wajuzi wa kazi wasiokuwa na upendeleo. Kifungu cha 563 kikamtazama aliyehudumu kwa kuombwa bila ujira kutajwa. Akiwa ni mtu anayefanya kazi kwa malipo, atapata ujira wa mithili. Kama sivyo, hapati kitu. Hii inalingana na kauli ya tatu tuliyoiona katika Minhaj.

Hapa ndipo penye uzito kwa fundi wa kompyuta. Mshonaji ana wenziwe tangu zamani, na bei ya kanzu inajulikana mtaani. Ufundi wa kompyuta kwetu ni mchanga. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu mwaka 2009. Desturi ya mishahara haikukomaa kama ya useremala, na penye upungufu wa desturi mwenye nguvu ndiye hupanga. Kwa hiyo kijana asiwaulize wazazi wake wala mwajiri peke yake. Awaulize watatu au wanne wanaofanya kazi kama yake katika ofisi za kiasi kile kile, kisha amtafute wa kati, kama masahaba walivyofanya.

Hesabu yenyewe

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakaribia sana maneno ya mafakihi. Mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi, saa na ujira. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kima cha chini kinachotangazwa kwa kila sekta ni sakafu, si mithili. Asiyepungukiwa na sakafu anaweza bado kupungukiwa na haki ya wenziwe.

Tuseme watu wa kati wanalipwa shilingi 390,000 kwa mwezi. Wiki 4.333 kwa saa 45 ni kama saa 195. Basi saa moja ni shilingi 2,000, na saa ya ziada ni 3,000. Sasa kijana yule asiyeondoka mpaka kompyuta zote ziwe zima akafanya saa 60 kwa wiki, hiyo ni kama saa 260 kwa mwezi. Akipewa 390,000 zile zile, saa yake imeshuka hadi 1,500. Mshahara haukupunguzwa katika karatasi, lakini robo ya ujira wake imeliwa. Huo ndio ule muda na kazi vilivyouzwa kwa bei moja.

Kwa hiyo, ndugu kijana, kabla hujagusa kibodi uliza kwa upole mambo manne: ni kiasi gani, ni saa ngapi, ziada itahesabiwaje, na majaribio yanaisha lini. Kuuliza hivyo si tamaa wala utovu wa adabu. Nawe ndugu mwajiri, mtajie kabla hajauliza. Aliyemwajiri Musa alimtajia mkimbizi asiyekuwa na pa kulala, na wewe unaye kijana ambaye bila mkono wake ofisi yako haifunguki.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.