Kunywa, Kulewa na Ulevi: Maneno Matatu katika Historia ya Sheria

Katika Kiswahili, mtu aliyekunywa si lazima awe amelewa, na aliyelewa si lazima awe mlevi. Tofauti hii imo ndani ya sarufi yenyewe. "Amekunywa" hutaja tendo lililokwisha kufanyika. "Amelewa" hutaja hali iliyopo wakati wa kusema, kama ilivyo kwa "amelala" na "amesimama". Ama "mlevi", ambamo "w" ya kitenzi imegeuka "v" mbele ya irabu "i" kama inavyogeuka baina ya "gawa" na "ugavi", hutaja mazoea, na aghalabu hubeba lawama. Aliyelewa usiku mmoja kwenye arusi ya ndugu yake hastahili jina hilo. Asiyepitisha siku bila kwenda kilabuni hulistahili hata asubuhi anapokuwa na akili zake timamu.

Sheria zilizotungwa ili kuzuia ulevi hadharani na barabarani zimesimama mara juu ya neno moja, mara juu ya jingine. Matata yamezuka pale sheria ilipodhani kwamba maneno hayo ni mamoja.

Kabla ya mahakama za Kizungu, sheria iliyoandikwa ambayo makadhi wa pwani ya Afrika Mashariki waliisoma ilikuwa fikihi ya Kishafii. Sheria hiyo hulitazama tendo. Kinachomlevya mtu kikiwa kingi ni haramu hata kikiwa kichache, na adhabu, ambayo kwa Mashafii ni viboko 40, humpata aliyekunywa hata kama hakuyumba. Wanazuoni walijadili pia jambo ambalo msomaji wa leo huenda akalidhani ni jipya: je, harufu ya kileo katika pumzi ya mtu yatosha kuwa ushahidi? Wafuasi wa Malik waliikubali, Mashafii wakaikataa, kwa kuwa mtu huweza kunywa kwa kulazimishwa au kwa kutojua. Mjadala wa pumzi, basi, una umri mkubwa kuliko gari. Hayo yote hayakuwazuia wagema wa pwani kupanda minazi yao kila alfajiri.

Uingereza, ambako sheria za barabara za Kenya na Tanzania zilichukuliwa, ilianza kwingine. Sheria ya mwaka 1606 iliushughulikia ulevi kama dhambi iliyostahili kukomeshwa: faini ya shilingi 5, na asiyeweza kulipa atiwe miguu katika mkatale kwa saa 6. Sheria ya Leseni ya mwaka 1872 haikuhubiri sana. Iliuliza tu kama mtu amekutwa amelewa mahali pa watu wote, au amelewa ilhali anasimamia gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke njiani. Miaka 7 baadaye, mwaka 1879, ikapitishwa sheria nyingine mahususi kwa walevi wa kudumu, iliyokusudia kuwapatia makao ya matibabu. Kwa hiyo Kiingereza nacho kilikuwa kimetambua kwamba aliyelewa na mlevi ni watu wawili.

Mnamo tarehe 10 Septemba 1897, dereva wa teksi ya umeme aligonga jengo jijini London, akakiri kwamba alikuwa amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani nchini humo kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Yeye alikiri, asiyekiri angethibitishiwaje? Hali ya kulewa huamuliwa na macho ya watu. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilijaribu kuibana hali hiyo kwa kumtaka mshtaki athibitishe kwamba dereva alikuwa chini ya athari ya kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari lake. Madaktari wa polisi wakawa wanawapitisha washukiwa juu ya mstari ulionyooka na kuwatamkisha maneno ya kutatiza ulimi. Hapo lugha yenyewe iligeuzwa mizani, na ni mizani mibovu, kwa kuwa mwenye kigugumizi hupimwa sawa na mwenye chupa.

Norwei ndiyo iliyoliacha swali la hali. Mwaka 1936 iliweka kiwango cha alkoholi katika damu, sehemu 0.5 kwa elfu, na kila aliyekizidi akawa na hatia bila kuulizwa kama aliyumba. Uingereza ilifuata mwaka 1967 kwa kiwango cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Sheria ikarudi kwenye tendo, "amekunywa", ila safari hii kwa kiasi kilichopimwa.

Historia ya Afrika Mashariki haikufuata mkondo huo moja kwa moja, kwani ukoloni uliingiza swali la nne: anayekunywa ni nani? Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na sheria za makoloni zikawakataza Waafrika vinywaji ambavyo Mzungu alivinywa barazani kwake bila kubughudhiwa. Huko hapakuwa na haja ya kupima wala kutazama miguu, rangi ilitosha. Hata baada ya uhuru, sheria iliweza kukilaumu kinywaji chenyewe: Kenya ilipiga chang'aa marufuku kwa jina lake mwaka 1980, ikaiondoa marufuku hiyo kwa sheria ya mwaka 2010.

Mgongano wa maneno haya ulifika mahakamani Kenya. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kilibaki na lugha ya Uingereza ya mwaka 1930, yaani kushindwa kulimudu gari. Kanuni za mwaka 2011, zilizowaingiza barabarani askari wenye vipimo vya Alcoblow kuanzia Desemba 2013, zilihesabu mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Kanuni zikasema "amekunywa kupita kiasi". Sheria mama ikasema "amelewa hata hajimudu". Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni haziwezi kuunda kosa lisilopatana na sheria iliyozizaa. Uamuzi huo ulilalamikiwa na wengi, na maiti za barabarani ni sababu nzito ya kulalamika. Lakini kwa upande wa lugha majaji walisoma sawasawa. Dawa ilikuwa kulibadili neno ndani ya sheria yenyewe.

Tanzania ina vyote viwili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ina kosa la kushindwa kulimudu gari kwa sababu ya kinywaji, na ina kosa la kuzidi miligramu 80. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zikawa zinasubiri wafasiri. Hapa ndipo wanafunzi wa isimu wanapohitajika. Magazeti huandika "dereva mlevi", na kwa kufanya hivyo humpa mshtakiwa tabia ya maisha ilhali ameshtakiwa kwa usiku mmoja. Kifaa cha askari huitwa "kipima ulevi", nacho hakipimi ulevi. Hupima alkoholi katika pumzi. Na dereva anayesimamishwa usiku na kujibu, "Sijalewa, afande, nimekunywa kidogo tu," amesema Kiswahili sanifu. Jibu hilo ni utetezi katika kosa la kwanza. Katika kosa la pili neno "sijalewa" halimfai kitu, na "nimekunywa" limekwisha kumfungulia askari mlango wa kutoa kifaa chake.