Vipuri vya vichwa vya treni vya TAZARA

Vipuri vya vichwa vya treni vya TAZARA ni sehemu za badala zinazohitajika kutengeneza na kutunza injini zinazovuta treni katika Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA). Upatikanaji wake umekuwa mgumu tangu miaka ya mwanzo ya reli hiyo, kwa kuwa vichwa vyake vya kwanza vilitengenezwa kwa idadi ndogo, katika kiwanda kilicho mbali, na aina hiyo haitengenezwi tena. Katika Mkoa wa Songwe, ambako reli hupita Mlowo, Vwawa na Mpemba kabla ya kufika mpakani Tunduma, upungufu huo huonekana kwa njia iliyo wazi kabisa: treni isiyofika.

Historia

Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Reli ilifika mpakani Tunduma Agosti 1973, ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania.

Vichwa vya kwanza vilikuja pamoja na reli yenyewe. Viliitwa DFH, kifupi cha Dong Fang Hong, maana yake "Mashariki ni Nyekundu", na vilitengenezwa katika kiwanda cha Sifang mjini Qingdao. DFH1, chenye nguvu farasi 1000, kilikusudiwa kupanga mabehewa stesheni. DFH2, chenye nguvu farasi 2000, kilivuta treni za masafa marefu.

Vichwa hivyo havikupeleka nguvu kwenye magurudumu kwa umeme. Injini ya dizeli ilizungusha pampu iliyosukuma mafuta kwa kasi, mafuta yakazungusha tabo, na tabo ikazungusha mihimili iliyofika hadi kwenye magurudumu. Mtambo wa namna hiyo ni mwepesi na hufanya kazi vizuri kwenye tambarare. Kati ya Mlimba na Makambako, lakini, reli hupanda ukingo wa nyanda za juu kupitia mahandaki na madaraja mengi, kisha huendelea hadi Uyole karibu na Mbeya, mahali pa juu kuliko pote katika njia hiyo (takriban mita 1789 juu ya usawa wa bahari). Kichwa kinapovuta mzigo mzito polepole mlimani, mafuta ya mtambo hupata joto kali, na joto huharibu sili, mafuta yenyewe na injini. Vipuri vikaanza kuhitajika kwa wingi mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Katika miaka ya 1980 TAZARA ilinunua vichwa vya aina ya U30C vilivyotengenezwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani kwa leseni ya General Electric ya Marekani. Hivi hutumia jenereta inayozalisha umeme na mota zinazozungusha ekseli. Baadhi ya vichwa vya DFH navyo viliondolewa injini za Kichina na kuwekewa za MTU kutoka Ujerumani. Tangu hapo karakana za TAZARA zimelazimika kutunza vifaa vya China, vya Ujerumani na vya Marekani kwa pamoja.

Sababu za uhaba

Mtu anaweza kudhani kwamba Tanzania, nchi yenye reli tangu enzi za Wajerumani, ingekuwa na akiba ya vipuri vya kuazimana. Haiko hivyo. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1000, na TAZARA ina upana wa milimita 1067 ili iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Tofauti ya milimita 67 ni kama upana wa vidole vinne tu, lakini inatosha kuzuia ekseli zenye magurudumu za upande mmoja zisitumike upande wa pili bila kurekebishwa. Ndiyo sababu mizigo huhamishwa Kidatu kutoka behewa hadi behewa.

Msaada wa karibu zaidi uko upande wa Zambia. Reli ya Zambia ina upana uleule na imetumia vichwa vya General Electric vya aina ya U20C. Injini za kampuni hiyo za familia ya FDL zina silinda za kipimo kimoja, ziwe 8, 12 au 16, kwa hiyo pistoni au silinda yenye kasoro hubadilishwa kwa sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa cha ukubwa mwingine. Vichwa vya DFH havina ndugu wa namna hiyo Afrika Mashariki.

Fedha ni sababu nyingine, na pengine ndiyo kubwa. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi takriban tani 88,000 mwaka 2014/15. Mapato yakipungua, vipuri havinunuliwi. Vichwa vikisimama, mapato hupungua tena.

Njia za kupata na kurekebisha vipuri

Njia ya haraka kuliko zote ni ile mafundi wa magari huita kuchinja: kichwa kimoja kibovu hunyofolewa sehemu zake ili vingine viwili vitembee. Njia hii huokoa safari ya leo. Ubaya wake ni kwamba kichwa kilichochinjwa hakirudi kazini kwa urahisi, na sehemu iliyonyofolewa nayo tayari imechakaa.

Njia ya pili ni kutengeneza sehemu nchini. TAZARA ina karakana kuu mbili, Dar es Salaam na Mpika nchini Zambia. Sehemu za chuma zisizohitaji usahihi mkubwa, kama bushi, pini na viatu vya breki, zinaweza kuyeyushwa katika kalibu au kuchongwa kwenye mashine ya kukerezea. Hata hapo kuna mitego. Kipuri kilichochakaa hakifai kuwa kipimo, maana fundi anayekinakili hunakili na uchakavu wake. Lazima apime sehemu ambayo haijaguswa na msuguano, au apate mchoro wa kiwandani. Aina ya chuma nayo ina maana sawa na umbo. Kiatu cha breki hutakiwa kuwa laini kuliko gurudumu ili kilike chenyewe, kwani kiatu ni rahisi kubadilisha na gurudumu ni ghali. Gia iliyochongwa kwa chuma laini itaingia mahali pake vizuri na kuzunguka, lakini meno yake yatakwisha baada ya muda mfupi.

Kuna sehemu ambazo karakana ya kawaida haiwezi kuzitengeneza. Ndani ya pampu ya kusukuma dizeli, nafasi kati ya kipande kinachosukuma na kasha lake ni mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu ya 1000 ya milimita. Sili za mpira huonekana rahisi, lakini zinahitaji mpira unaostahimili mafuta. Mpira wa ndani wa tairi, ambao mafundi wa mitaani hupenda kuukata kwa kila kazi, huvimba na kulainika ukiloweshwa kwenye mafuta ya injini.

Njia ya tatu ni kutafuta kinachofanana. Beringi nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa, hivyo namba iliyopigwa ubavuni inaweza kumwongoza fundi hadi kwa beringi ya kampuni nyingine kabisa. Namba ikiwa imefutika, hupimwa tundu la ndani, kipenyo cha nje na upana. Kazi hii haigharimu sana, ila inahitaji fundi anayesoma katalogi kwa makini.

Njia kubwa na ya gharama zaidi ni kubadilisha injini nzima, kama ilivyofanyika kwa injini za MTU. Injini mpya hudai vishikizo vipya, kiungo kipya kati yake na mtambo wa mafuta, mabomba ya kupoozea yaliyopangwa upya na vifaa vya kuiongoza kutoka chumba cha dereva. Faida yake ni kwamba kiwanda cha injini bado kipo na huuza vipuri.

Mbali na njia hizo, China imeendelea kutoa mikopo kwa mfululizo wa itifaki. Itifaki ya 15, iliyotiwa saini mwaka 2012, ilihusu vichwa vipya, mabehewa ya abiria na vipuri.

Athari katika Mkoa wa Songwe

Tunduma ina maduka mengi ya vipuri kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, lakini karibu vyote ni vya malori na magari madogo. Dereva wa lori akiharibikiwa klachi huipata mjini. Kichwa cha treni kikiharibika karibu na Vwawa husubiri kichwa kingine kije kukivuta. Mzigo ambao ungepita relini huhamia barabarani, na foleni ya malori mpakani huzidi kurefuka.

Wanaoumia zaidi ni wasafiri wa kipato kidogo na wachuuzi wanaotegemea treni ya kawaida iitwayo Kilimanjaro, ambayo husimama katika stesheni ndogo na kubeba magunia ya mazao. Mahindi na maharage huvumilia kuchelewa siku moja au mbili. Ndizi mbivu na nyanya hazivumilii.

Mipango ya ufufuaji

Tarehe 4 Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, mbele ya marais Samia Suluhu Hassan, Hakainde Hichilema na Xi Jinping.