Watu wa Kikosi cha 26

Mtu atakaye kuandika historia ya kikosi cha ndege za vita aghalabu huanza na ndege zenyewe: zilikuwa za namna gani, mitambo yake ilikuwa na nguvu kiasi gani, zilikaa hewani saa ngapi. Kazi hiyo si ngumu sana, kwa kuwa chuma na turubai havibishani na mwandishi. Ugumu huanza pale aulizapo swali lililo fupi kuliko yote: kikosi hiki kilikuwa cha akina nani? Swali hilo nataka kulipima kwa Kikosi cha 26 cha Jeshi la Ndege la Kifalme la Uingereza, kilichopigana katika nchi zetu tangu mwaka wa 1916 hata mwanzo wa 1918. Wachache miongoni mwetu wanakijua, ijapokuwa babu zetu walikitumikia.

Asili yake ni Afrika ya Kusini. Katika mwaka wa 1913 vijana kumi walichaguliwa wajifunze kuruka huko Kimberley, katika shule ya Compton Paterson, na sita kati yao wakapelekwa Upavon, Uingereza, kuendelea na masomo: van der Spuy, Creed, Emmett, Turner, Wallace na Williams. Mwaka wa 1915, chini ya uongozi wa Wallace, jeshi dogo la ndege lilimsaidia Jenerali Botha katika Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo. Ndege zao zilikuwa Henri Farman za fremu ya chuma, maana mbao zingalipinda kwa jua la jangwani. Wajerumani wa huko waliposalimu amri mwezi wa Julai, wanahewa hao walikwenda Uingereza kwa hiari yao, na tarehe 8 Oktoba 1915 Kikosi cha 26 kiliundwa Netheravon. Tarehe 31 Januari 1916 kikashuka Mombasa, kikapiga kambi Mbuyuni, kandokando ya reli ya vita iliyotoka Voi kuelekea Taveta.

Hapo pana mtego wa kwanza. Kikosi kiliitwa cha Afrika ya Kusini, na nembo yake, iliyotolewa miaka mingi baadaye, ina kichwa cha paa wa nchi hiyo na maneno ya Kiafrikana. Msomaji adhani, basi, kwamba wote walikuwa Waafrika Kusini? La. Wengi walikuwa Waingereza wasiopata kuiona Afrika kabla ya siku ile. Mmoja wao ni Leo Walmsley, mtazamaji wa ndege, mtu wa pwani ya Yorkshire, ambaye baadaye alipata sifa kwa riwaya zake. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu juu ya vita hivi, na jina lake lenyewe launganisha kuruka na kuwinda. Kwa hiyo msomaji aonywe mapema kwamba atapewa nyama nyingi za porini pamoja na habari za jeshi. Van der Spuy naye alichapisha kumbukumbu zake mwaka wa 1966. Ni kitabu cha thamani, lakini mtu asimuliaye mambo ya nusu karne iliyopita huwa amekwisha kuyasimulia mezani mara nyingi, na kila mara hadithi hulainika kidogo.

Kwa sababu hiyo mtafiti hukimbilia karatasi za serikali, naye hukutana na ajali ya ajabu. Mwezi wa Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la London lililohifadhi majalada ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na zaidi ya nusu yakateketea. Lakini tarehe 1 Aprili 1918 Jeshi la Ndege lilikuwa limeunganishwa na wanahewa wa manowari, likawa Jeshi la Anga la Kifalme, na majalada ya mafundi waliokuwa kazini siku ile yalifuata jeshi jipya, yakasalimika. Matokeo yake ni haya: fundi aliyeugua malaria Morogoro akapona, twaweza kujua alikuwa seremala au mhunzi kabla ya vita, na alikuwa na urefu gani. Mwenzake aliyekufa kwa malaria ile ile mwaka wa 1916, yamkini jalada lake lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua, na habari zake zimebaki maneno machache juu ya kaburi. Si kwamba mmoja alikuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Ni tarehe tu na moto.

Iko pia orodha kuu ya watu wote wa jeshi jipya siku ile ya 1 Aprili. Yataja nambari, jina, kazi na mshahara wa kila mtu, lakini haitaji kikosi chake, jambo ambalo limewavunja moyo wengi. Hapo nambari zenyewe husaidia. Mabaharia waliotoka katika jeshi la manowari waliongezewa 200,000 juu ya nambari zao za zamani, hata aliyekuwa 5,000 akawa 205,000. Hili lina maana kwetu, maana wanahewa wa manowari nao walipigana Afrika ya Mashariki. Ndio waliowaongoza wapiga mizinga wa Severn na Mersey walipoivunja meli ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai 1915. Watu huyachanganya makundi hayo mawili. Fundi mwenye nambari inayozidi kidogo 200,000 hakuwa mtu wa Kikosi cha 26 wakati huo, hata kama wajukuu zake wasema alikuwa.

Mpaka hapa nimesema habari za watu walio na karatasi. Sasa tuitazame kazi ya kikosi yenyewe. Ndege za B.E.2c zilikuwa na mtambo wa nguvu za farasi 90 tu, na katika joto na mwinuko wa bara hewa ni nyepesi, hata ndege iliweza kushindwa kuinuka na mzigo wake. Ilihitaji uwanja mrefu. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliposonga kutoka Kilimanjaro hata Morogoro, iliyotwaliwa Agosti 1916, viwanja vilipaswa kusonga pamoja nayo. Ndege haikwangui miiba wala haing'oi visiki. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja ya reli, na magari yalizama katika matope ya masika. Kwa hiyo petroli mara nyingi ilifika kwa vichwa vya watu. Debe la galoni nne lina uzito upatao kilo 13, na madebe mawili katika sanduku moja ni mzigo kamili wa mpagazi. Kila saa ya rubani hewani ilikuwa kwanza siku kadhaa za miguu ya mtu mwingine.

Watu hao walikuwa akina nani? Mtu ataniambia kwamba mpagazi hakuwa mtu wa kikosi, bali wa jeshi la wapagazi, lile ambalo jina lake la Kiingereza tumelifanya Kariakoo. Kwa sheria ya jeshi asema kweli. Lakini mpishi na karani wa kikosi hawakuruka pia, nao huhesabiwa. Wala si kweli kwamba mpagazi hakuandikwa. Chini ya Oscar Watkins, mkuu wao upande wa Kenya, wapagazi walipewa nambari ili walipwe mishahara yao. Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi. Waliokufa walihesabiwa rasmi karibu 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, na wanahistoria wengi huona hesabu hiyo ni ndogo. Mishahara ya maelfu haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana, na fedha zile zikabaki kwa serikali. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Geoffrey Hodges aliwahi kuwahoji wapagazi wazee kabla ya kutoa kitabu chake mwaka wa 1986. Wazee hao sasa hawapo. Yaliyobaki ni daftari za malipo, pale zilipo, na majina ya wilaya walikoandikishwa. Kazi ya kuzisoma ni ya kuchosha, na yataka mtu ajuaye majina ya Wakamba, ya Wajaluo na ya Wanyamwezi hata yanapokuwa yameharibiwa kwa tahajia ya karani Mwingereza. Kikosi chenyewe kilirudi Uingereza, kikavunjwa Blandford mwezi wa Julai 1918, na orodha za marubani wake zimekwisha kuandikwa zaidi ya mara moja. Hiyo nyingine haijaanzwa.